Somo kwa Washonaji: Chumba cha Kushonea na Mahali pa Kila Kitu

Somo letu la juma hili ni kwa wote wanaoshona: mama anayeshonea watoto wake nyumbani, fundi mwenye cherehani barazani, na mwanagenzi aliyeanza kujifunza kutia uzi katika tundu la sindano. Tangu mwaka 1952, vilipoanza vyama vya Maendeleo ya Wanawake katika Kenya, akina mama wengi wamefundishwa kukata, kupiga bandi na kushona. Lakini ufundi wa kukitunza chumba chenyewe cha kushonea haukufundishwa kwa kadiri hiyo hiyo, na wengi hudhani ya kwamba ni jambo la urembo tu, la kufanywa wageni wakitarajiwa. Sivyo. Chumba kilichopangwa huokoa wakati, huokoa kitambaa, na huokoa vidole. Zaidi ya hayo, hulinda amana za watu. Kabla ya kuingia katika somo, na tusikilize habari ya fundi mmoja.

KANGA YA MAREHEMU

Katika mtaa mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, yuko fundi wa nguo za kike ambaye kazi yake husifiwa. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa habari hii alitueleza mwenyewe kwa huzuni, wala hakuieleza ili ajulikane. Chumba chake kina upana wa futi kumi na urefu wa futi kumi na mbili. Zamani, asema, kilikuwa kimejaa hata mlango haukufunguka wote.

Siku moja alijiwa na bibi kijana aliyechukua kanga moja iliyokunjwa vizuri.

“Shikamoo, bi mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

“Nimekuletea kanga ya marehemu mama. Ndiyo aliyokuwa akinibebea mgongoni. Mimi nami ni mja mzito. Nataka unishonee mfarishi wa mtoto, ili naye ajifunike nguo ya bibi yake.”

Fundi akaipokea kwa mikono miwili. Alitaka kuiweka mezani, lakini meza ilikuwa imejaa sare za shule, vigezo vya karatasi na kikombe cha chai. Basi akaiweka juu ya kiti. Siku ya pili akaja mteja mwingine, akatafutiwa mahali pa kukaa. Kanga ikaondolewa kitini, ikawekwa sakafuni, kando ya kapu la matambara. Siku ya tatu mwanagenzi alikuwa akiipaka cherehani mafuta. Akatafuta cha kupangusia, akaona kanga kuukuu iliyopauka rangi, akaichana katikati.

Fundi alipoona alipiga ukelele. Yule msichana akatetemeka, akasema, “Mama, nilidhani ni tambara.”

Fundi atuambia ya kwamba alikuwa amefungua kinywa ili amkemee, kisha akanyamaza. Maana aliitazama sakafu, akalitazama kapu, akaona ya kwamba mtoto yule hakukosea. Nguo iliyopauka, isiyo na jina, iliyo chini karibu na matambara, kwa macho ya mtu yeyote ni tambara. Ni yeye fundi aliyeifanya kuwa tambara siku alipoiweka pale.

Hakumficha mteja. Alimwita, akamwonyesha, akamwomba radhi. Nusu moja ilikuwa imelowa mafuta meusi. Nusu ya pili ilikuwa safi. Fundi akaichukua ile nusu safi, akaitia katikati ya mfarishi, akaizungushia viraka vya rangi zinazopatana nayo, wala hakutoza hata senti. Yule bibi aliupokea, akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Hakurudi tena kushonesha nguo pale.

Kitambaa cha dukani kikiharibika, mtu hununua kingine. Kitambaa cha namna ile hakinunuliki. Na fundi, akipokea mzigo mkononi mwa mtu, hawezi kujua siku zote ni kitambaa cha namna gani alichopewa. Kwa hiyo lazima avitunze vyote kana kwamba ni vya namna ile.

Basi hili ndilo neno la kwanza la somo letu, na mengine yote yanatoka humo: mahali kitu kilipo ndipo panapowaambia watu ni kitu gani. Kikiwa mahali pa amana, kitatunzwa kama amana. Kikiwa mahali pa takataka, kitatupwa kama takataka.

1. KUANZA: TOA VYOTE NJE

Haiwezekani kukipanga chumba huku vitu vimo ndani vikisongana. Chagua siku isiyo na mvua, tandika mkeka uani au barazani, utoe kila kitu, hata kile kilichosukumwa chini ya meza mwaka juzi. Kisha gawanya vyote katika mafungu manne: fungu la kwanza, vitu vya wateja, fungu la pili, vyombo vya kazi, fungu la tatu, vitambaa na vifaa vyako mwenyewe, fungu la nne, visivyofaa tena.

Anza na fungu la kwanza, wala usipumzike mpaka limekwisha. Kila nguo ya mtu ipewe jina la mwenyewe kabla ya jua kutua. Ukiona kitambaa usichokumbuka ni cha nani, usikitie katika vitu vyako. Kitie mfukoni peke yake, andika siku uliyokikuta, ukingoje mwenyewe.

Fungu la nne ndilo gumu, kwa kuwa mshonaji hapendi kutupa. Zipu iliyong’oka meno, lastiki iliyolegea, uzi uliooza: vitu hivi si akiba, ni mzigo. Kuujua uzi uliooza ni rahisi. Kata kama urefu wa mkono, ushike ncha mbili, uvute kwa nguvu ya kawaida. Ukikatika upesi bila kushindana, usiushonee nguo ya mtu, maana mshono utaachia siku ya sherehe, na atakayeaibika si uzi bali ni wewe.

2. KUPANGA KWA KUIFUATA KAZI

Wengi hupanga chumba kwa kuangalia mahali palipo wazi. Afadhali upange kwa kuiangalia kazi yenyewe inavyokwenda. Nguo hupokewa, hupimwa, hukatwa, hushonwa, hupigwa pasi, kisha hutundikwa kungoja mwenyewe. Basi na chumba kifuate mwendo huo huo: mahali pa kupokelea pawe karibu na mlango, kisha meza ya kukatia, kisha cherehani, kisha pasi, na mwisho kamba au mti wa kutundikia. Fundi asiyefuata mwendo huu huvuka chumba mara nyingi kwa gauni moja, na jioni huona miguu inamwuma asijue sababu.

Meza ya kukatia na iwe ndefu kiasi cha kufika karibu na nyonga zako ukisimama, yaani kama inchi 36 kwa mtu wa kimo cha kadiri. Ikiwa fupi mno, mgongo utauma. Ukiwa huna meza, mbao mbili juu ya madebe yenye nguvu zatosha, mradi zisitikisike. Meza hii ni ya kukatia tu. Chai isifike hapo, wala chakula, wala mafuta ya cherehani.

Cherehani iwe karibu na dirisha. Kwa mtu atumiaye mkono wa kulia, ni vema mwanga uje kutoka kushoto, ili kivuli cha mkono kisianguke juu ya mshono. Kitambaa cheusi kisishonwe usiku kwa taa dhaifu; kishonwe asubuhi, na kazi za usiku ziwe za kufungua bandi au kutia vifungo katika nguo nyeupe.

Vitu unavyovishika kila saa, kama mkasi, tepu ya kupimia, chaki, pini na subana, viwe umbali wa mkono mmoja kutoka kitini. Unavyovishika mara moja kwa juma viwe katika rafu ya kati. Unavyovishika mara moja kwa mwaka viwe juu. Tepu ya kupimia itundikwe msumarini, isikunjwe. Tena uilinganishe mara kwa mara na rula ya mti au ya chuma, kwa kuwa tepu ya kitambaa hunyooka ikitumiwa sana, na mwenye tepu iliyonyooka hukata nguo zote kwa kosa moja.

3. AMANA ZA WATU NA DAFTARI

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hili ni la fundi kama lilivyo la mfanya biashara.

Mteja anapoleta kitambaa, kisiwekwe mahali popote kabla ya kufanya mambo matatu. Kwanza, kipimwe mbele yake, kwa yadi au mita, ili baadaye asiseme kilikuwa kikubwa zaidi, wala wewe usishangae kimepungua. Pili, iandikwe daftarini: jina la mteja, tarehe, kipimo cha kitambaa, namna ya nguo, vipimo vya mwili, bei, fedha aliyotanguliza, na siku ya kuja kuichukua. Tatu, kitambaa kitiwe katika mfuko wake, na mfuko ufungwe kipande cha karatasi nene chenye jina na namba ile ile ya daftarini.

Tangu siku hiyo mpaka siku ya kuchukuliwa, kila kitu cha mteja huyo kikae katika mfuko huo: zipu yake, vifungo vyake, bitana yake, na hata vipande vilivyosalia baada ya kukata. Mabaki ni mali ya mwenye kitambaa. Akikuachia kwa hiari yake, ni yako; asipokuachia, mrudishie. Watu wengi wamepoteza imani yao kwa mafundi kwa sababu ya yadi moja iliyobaki isirudi.

Siku hizi wako wanaoandika vipimo katika simu ya mkononi na kupiga picha ya kitambaa kilipoletwa. Ni jambo jema, kwa kuwa picha haisahau rangi wala doa lililokuwako tangu mwanzo. Lakini karatasi iliyofungwa juu ya mfuko isiachwe, maana mwanagenzi anayetafuta tambara hataifungua simu yako kuuliza.

Mifuko ipangwe kwa siku ya kuchukuliwa, si kwa ukubwa wala kwa uzuri. Ya kesho iwe mbele, ya juma lijalo nyuma yake. Jambo hili lina faida kubwa katika miezi ya Desemba na Januari, wakati wazazi wote wanataka sare kwa siku moja. Fundi anayeitazama rafu yake akaona kazi ya siku kumi mbele yake, aweza kumwambia mteja mpya, “Sitaweza kabla ya tarehe fulani.” Fundi asiyeijua rafu yake husema “Njoo kesho” kwa kila mtu, na mtoto huenda shule bila sare.

4. SINDANO HUHESABIWA

Hakuna chombo kidogo chenye hatari kubwa kama sindano. Iliyoanguka sakafuni yangoja mguu wa mtoto, na iliyosahauliwa katika ukosi yangoja shingo ya mwenye nguo. Kwa hiyo sindano na pini zihesabiwe, wala hili si neno la mzaha. Tia pini hamsini katika mto wako mdogo wa kuchomekea, na jioni uzihesabu. Zikiwa arobaini na nane, usilale kabla ya kuzitafuta zile mbili. Kipande cha sumaku kilichofungwa kwenye fimbo hufanya kazi hiyo kwa muda mfupi.

Usitie pini kinywani, hata kama mwalimu wako alifanya hivyo maisha yake yote. Kikohozi kimoja chatosha kuimeza.

Sindano ya cherehani ikivunjika, simamisha kazi. Tafuta vipande vyote, uvikusanye mezani, uviunganishe uone kama sindano imekamilika. Ikipungua ncha, ipo ndani ya mshono au ndani ya cherehani, na lazima ionekane kabla ya nguo kuondoka. Vipande hivyo visitupwe jaani. Vitie katika mkebe wenye kifuniko, na kifuniko kitobolewe tundu moja la kuvipitishia.

Sindano nzima zitengwe kwa namba. Juu ya pakiti mara nyingi huandikwa namba mbili, kama 90/14. Namba kubwa ni unene wa sindano kwa sehemu za mia za milimita, yaani 90 ni sehemu tisa za kumi za milimita moja. Kwa kitambaa chepesi kama voili, tumia 70 au 75. Kwa pamba ya kawaida, 80 au 90. Kwa nguo nzito kama jinzi, 100 au zaidi. Fundi asiyezitenga huishona hariri kwa sindano ya jinzi, akaacha matundu yasiyofutika.

5. MKASI WA KITAMBAA NA MKASI WA KARATASI

Mkasi wa kitambaa usikate karatasi, wala kamba, wala waya. Makali yake hupotea upesi, kisha huanza kukitafuna kitambaa badala ya kukikata. Basi uwe na mikasi miwili. Ule wa kitambaa ufunge utepe mwekundu katika mkono wake, ili hata mtoto ajue. Utundikwe juu ukiwa umefungwa, ncha zikiwa chini, mahali ambapo watoto hawafiki. Ukianguka sakafuni, ujaribu katika kipande kisicho na thamani kabla ya kuukatia nguo ya mtu, maana mkasi ulioanguka mara nyingi hupinda ncha.

Vigezo vya karatasi visikunjwe kunjwe vikatupwa kapuni. Kila kimoja kiandikwe ni cha nguo gani na kipimo gani, kisha vyote vya nguo moja vitobolewe tundu, vifungwe uzi, vitundikwe msumarini.

6. NYUZI, VIFUNGO NA VITAMBAA

Nyuzi zipendeza macho zikipangwa dirishani, lakini jua huzifubaza rangi na kuzipunguzia nguvu, na vumbi huingia katika cherehani pamoja nazo. Ziweke katika sanduku lenye kifuniko au katika saraka. Wengine hupigilia misumari midogo katika ubao, kila msumari uzi mmoja, kisha huufunika ubao kwa kitambaa. Ni njia njema na rahisi. Bobini iliyojazwa uzi ikae msumari mmoja na uzi wake, ili usijaze nyingine ya rangi ile ile kwa kutokujua.

Vifungo vitiwe katika chupa za mdomo mpana zilizooshwa na kukaushwa, kwa rangi au kwa ukubwa. Vifungo vya namna moja vitungwe uzini pamoja, ili usifike kwenye shati lenye haja ya saba ukaona unavyo sita. Chupa hizi ziwekwe juu sana. Mtoto mchanga hutia kila kitu kinywani, na kifungo kimoja chaweza kumziba pumzi.

Vitambaa vyako vikunjwe kwa kipimo kimoja. Chukua ubao au boksi gumu lenye upana wa inchi nane, ukizungushie kila kitambaa, kisha uuchomoe. Visimamishwe rafuni kama vitabu, visilaliane, ili ukihitaji cha chini usivuruge vya juu. Kila kitambaa kibandikwe kikaratasi cha urefu wake. Pamba isiyofuliwa iwekwe mbali na iliyofuliwa, kwa kuwa pamba mpya hurudi ikifuliwa, na ukizichanganya katika mfarishi mmoja, siku ya kwanza ya kuufua utajikunja pande zote.

Pwani, unyevu wa bahari ni adui. Kitambaa kilichobanwa ukutani huota ukungu, na chuma hushika kutu. Acha nafasi ya inchi mbili kati ya rafu na ukuta, ufungue dirisha siku ya jua, utoe nguo zipate hewa. Bara, adui ni mchwa, apandaye kutoka sakafuni. Boksi na masanduku yasikae chini, yainuliwe juu ya matofali au mbao. Nondo hupenda sufu na hariri, khasa zilizo na jasho au mafuta. Basi sufu ifuliwe kabla ya kuwekwa. Vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo ni sumu, navyo hufanana na peremende; nyumba yenye watoto isivitumie ovyo.

7. VIPANDE VIDOGO NA MFARISHI WA VIRAKA

Vipande vidogo ndivyo vinavyokishinda chumba. Havina umbo, havina mahali, na kila kimoja husema, “Siku moja nitafaa.” Dawa yake ni kuvipa kipimo. Keti saa moja kila mwezi, uvikate vipande vyote kwa kigezo kimoja cha mraba wa inchi tano kila upande. Kisichotoa mraba huo kitiwe katika mfuko wa kujazia mito. Kilichochafuka kiwe tambara la kupangusia, kikae katika kapu la matambara lenye rangi yake, lililo mbali na vitambaa vyote. Hapo yale ya kanga ya marehemu hayatarudi.

Sasa tazama hesabu. Mraba wa inchi tano ukishonwa, na kila upande ukiliwa na robo ya inchi kwa mshono, hubaki inchi nne na nusu. Safu ya miraba 8 ina upana wa inchi 36, na safu 10 zina urefu wa inchi 45. Basi miraba 80 yatoa uso wa mfarishi wa mtoto. Fundi akitenga miraba kumi kwa juma, kwa juma la nane ana mfarishi kutoka katika vitu ambavyo zamani alivikanyaga. Haba na haba hujaza kibaba.

8. CHEREHANI NA PASI

Cherehani ni kama ng’ombe wa maziwa: humpa amtunzaye. Isaac Singer wa Marekani alipata hati ya ubunifu wa cherehani yake mwaka 1851, na tangu hapo cherehani za namna nyingi zimeenea duniani. Ziko za miguu zilizorithiwa na watoto kutoka kwa wazazi wao na bado zashona, kwa sababu tu zilisafishwa na kufunikwa.

Kila juma, toa sindano, fungua kibati kilicho chini yake kwa bisibisi, uondoe vumbi la nyuzi kwa brashi ndogo. Usilipulize kwa kinywa, maana pumzi ina unyevu na vumbi hurudi ndani. Kama ni ya umeme, chomoa waya wake kwanza. Tia tone moja moja la mafuta ya cherehani mahali palipoonyeshwa, si mafuta ya kupikia, ambayo huganda na kuinasa mitambo. Kisha shona juu ya tambara mpaka mafuta yasionekane tena, ndipo ushone nguo ya mtu. Kila jioni ifunike.

Pasi ipewe pembe yake peke yake, mbali na pazia, vipande na karatasi. Pasi ya makaa itiwe moto nje, majivu yapepetwe nje, wala isitumiwe katika chumba kilichofungwa madirisha, kwa kuwa makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Ya umeme ichomolewe kila unapoondoka, hata kwa dakika moja. Kitambaa kisichojulikana kijaribiwe pembeni kwa pasi ya uvuguvugu, maana nailoni na poliesta huyeyuka.

9. ROBO SAA YA JIONI

Chumba hakiharibiki kwa siku moja, wala hakitengenezwi kwa siku moja kikadumu. Jitengee robo saa kila jioni kabla ya kufunga kazi. Hesabu pini. Rudisha mikasi msumarini. Ondoa kila kitu juu ya meza ya kukatia. Kazi ambayo haijaisha irudi katika mfuko wake pamoja na jina lake. Fagia, ukitazama kilichomo katika taka kabla ya kuitupa. Funika cherehani. Mwisho fungua daftari, usome ni nani anayekuja kesho.

Ukiwa na mwanagenzi, mfanye kazi hiyo pamoja. Usimwambie “Panga vitu” kisha ukaenda zako, kwa kuwa hawezi kukirudisha kitu mahali ambapo hajaonyeshwa. Mwonyeshe mahali pa kila kitu, umweleze na sababu yake. Atakapokuwa fundi naye, atawafundisha wengine.

MASWALI YA KUJIJIBU

Soma maswali haya, ujibu kweli kweli:

1. Je, naweza kuutia mkono wangu juu ya kitambaa cha kila mteja sasa hivi, bila ya kutafuta?

2. Mtu mgeni akiingia chumbani mwangu, aweza kujua kipi ni amana na kipi ni tambara?

3. Nina pini ngapi, na zote ziko wapi?

4. Nikiugua kesho, mwenzangu aweza kuimaliza kazi yangu kwa kuisoma daftari yangu?

Yule fundi wa Mombasa bado ashona. Chumba chake ni kile kile cha futi kumi kwa kumi na mbili, lakini sasa mlango hufunguka wote. Karibu na mlango amepigilia rafu ya ubao, isiyo na kitu kingine juu yake ila mifuko ya wateja, kila mmoja na karatasi yake. Yule msichana aliyeichana kanga sasa ni fundi wa pili katika chumba hicho, na ndiye apokeaye vitambaa mlangoni. Tulimwona akipokea kitambaa cha mzee mmoja. Alikipima, akakiandika, akakifunga jina. Na kabla ya kuketi tena, alikiweka rafuni kwa mikono miwili.